Kupe "kuzoea dawa": anayezoea ni nani? Na usugu ni nini hasa?

Mtu wa Muheza

Wakuu, habari za jioni. Mada ni ya mifugo ila naona watu wa afya na walimu nao wanaweza kuchangia.

Nipo Muheza, nafuga ng'ombe wa maziwa bandani. Baba mdogo tunapakana naye, yeye wa kwake anawachunga nje. Tunaogesha kila wiki kwa bomba la mgongoni, na dawa ni sipamethrini, ile ile tangu nianze kufuga. Zamani ukipuliza jioni, asubuhi kupe wamekauka, unapitisha kiganja wanapukutika chini. Siku hizi napuliza Jumamosi, Jumatatu nikipapasa chini ya shingo na ubavuni nawakuta wale wa kijivu wamevimba damu, wametulia zao kama hakuna aliyewagusa. Baba mdogo akaanza kuongeza kipimo, kofia moja juu ya kile cha kwenye lebo. Mwanzoni ilionekana kusaidia, sasa hola. Juzi juzi ndama wake akavimba tezi chini ya sikio, homa kali, akaanza kuhema kwa shida, tukampoteza. Daktari wa mifugo akasema ni ndigana kali.

Sasa kilichonileta. Baba mdogo anasema kupe wameizoea dawa, basi. Mdogo wangu anayesoma chuo cha kilimo, SUA, alikuwa likizo, akamjibu kwamba hakuna kupe hata mmoja pale aliyezoea kitu. Wa kufa walishakufa, hawa tunaowaona ni watoto wa waliobaki. Baba mdogo akamwambia asituletee habari za nyani kuwa mtu mezani. Tulimaliza kula kila mtu anaangalia sahani yake.

Nimejaribu kufikiria mwenyewe nikakwama. Sote tunasema "wamezoea", redioni wanasema "usugu", zahanati wamebandika karatasi ya usugu ukutani. Kupe akiitwa sugu, aliyebadilika ni nani? Ni yule yule niliyempulizia juzi akanusurika akawa mgumu, au ni mwingine kabisa? Na kuna tofauti yoyote kwangu mimi mwenye bomba, au ni ubishi wa wasomi tu? Ng'ombe hawawezi kungoja tuelewane.

Chaka la Chalinze

Feki hizo mkuu, usijichoshe na sayansi. Siku hizi chupa inajazwa chooni, lebo inapigwa chapa mjini. Hama duka.

Bwana Mifugo Mstaafu

Feki zipo, sibishi. Nimewahi kushika chupa ambayo ukiinusa ni maji yenye rangi. Ila dawa feki haichagui: inawaacha wote, wa masikioni, wa shingoni, wa chini ya mkia, tangu siku ya kwanza. Huyu bwana anasema ilikuwa inaua, ikapungua taratibu, kipimo kikaongezwa ikashtuka kidogo, ikalala tena. Mwenendo huo naujua.

Kijana, mdogo wako kasema kweli. Na hilo swali lako la mwenye bomba ndilo zuri kuliko yote, nitalifikia.

Tuanze na neno lenyewe, maana hapo ndipo tunapoponzwa. Sugu na kusugua ni ndugu. Mtu akishika jembe msimu mzima, ngozi ya kiganja inasuguliwa, inatoa malengelenge, inakauka, inakuwa nene. Hiyo ndiyo sugu. Baadhi ya wazee wetu wa swala tano wana alama ya sijida kwenye paji la uso, nayo ni sugu. Angalia kilichotokea hapo: mtu ni yule yule, ngozi ni ya kwake, msuguano ndio umeikomaza. Hata tulipolihamisha neno tukalipeleka kwa watu tulibeba picha hiyo hiyo. Mdaiwa sugu ni yule yule aliyekukwepa mwaka jana. Mhalifu sugu kaingia na kutoka gerezani mpaka haogopi tena. (Sugu wa Mbeya, yule wa muziki na bunge, sidhani kama jina alilitoa kwa kupe.)

Basi tukisema kupe sugu, akili inakimbilia huko: kupe kasuguliwa na dawa wiki hadi wiki mpaka akakomaa. Kupe hakomai hivyo. Dawa ikimpata sawasawa, kama ni wa kufa anakufa, hapewi nafasi ya pili ya kujifunza.

Mchukue huyu wa kijivu unayempapasa shingoni. Huyo ni kupe bluu. Anampanda ng'ombe akiwa mdogo hata jicho halimwoni vizuri, anakulia hapo hapo mwilini, anajivua gamba hapo hapo, anapandana hapo hapo, na baada ya wiki tatu hivi jike aliyeshiba anadondoka chini kutaga mayai elfu mbili na kuendelea. Sasa tuseme banda lako na la baba yako mdogo yana kupe elfu kumi. Hawafanani. Humo tuseme watano wamezaliwa na tofauti ndogo kwenye neva zao. Dawa za jamii ya sipamethrini tunaziita pairethroidi, na jina hilo asili yake ni pareto, lile ua linalolimwa Iringa na Mbeya. Zinashika sehemu moja ya neva, ile inayopitisha chembe za sodiamu, zinaiacha wazi mpaka kupe anatetemeka na kufa. Wale watano sehemu hiyo imekaa tofauti kidogo, dawa haishiki vizuri. Na walikuwa hivyo kabla hujanunua hata chupa ya kwanza. Walikuwa hawana faida yoyote kuliko wenzao.

Ukapuliza. Wakafa elfu tisa mia tisa na ushee. Watano wakabaki na ng'ombe mzima peke yao, hakuna wa kugombania naye damu. Wakataga, watoto wakarithi. Kizazi kinachofuata ukapuliza ile ile, na kinachofuata tena. Mwaka mmoja kupe bluu anapitisha vizazi kadhaa. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo aliyebadilika ni nani? Hakuna. Hakuna kupe hata mmoja pale kwenu aliyewahi kuwa laini akawa mgumu. Kilichobadilika ni jumla yao, nani wengi na nani wachache. Na hapo ndipo sugu ya kiganja inapotuacha njiani: mtoto wa mkulima, hata baba yake awe amelima miaka arobaini, anazaliwa na viganja laini. Usugu wa kupe unarithiwa tangu yai linapotungwa.

Kuzoea nako kupo, msije mkasema nimekukataa. Mnywaji anaizoea pombe kwelikweli, ini na ubongo wake vinabadilika, chupa mbili hazimgusi tena. Lakini ni yeye. Mwanawe akinywa siku ya kwanza anaanguka sawa na jirani.

Sasa la mwenye bomba. Anayeamini kupe wamezoea hufanya moja kati ya mawili. Ama anaongeza kipimo, kwa sababu aliyezoea chupa mbili utampa tatu. Au anapumzisha dawa wiki chache "wasahau". Kupe hana cha kusahau. Na kipimo ukikizidisha unawamaliza wenye uwezo wa kati, unawaachia uwanja wenye uwezo mkubwa, tena unamlisha sumu ng'ombe na anayekunywa maziwa yake. Anayejua kwamba shida ni waliobaki, maswali yake ni mengine kabisa. Walibaki kwa neva zao, au kwa sababu dawa haikuwafikia? Watauawa na kitu gani kisichoshika pale pale? Na je, kupe wa jirani yangu, ambaye nyasi zetu ni zile zile, ni wa aina gani? Swali hilo la mwisho huwezi hata kuliuliza kama unadhani ng'ombe wako ndiye ana kupe "waliozoea".

Haya si mapya. Arseniki ndiyo iliyokuwa ikijazwa kwenye majosho kusini mwa Afrika na Australia, na kufika miaka ya 1930 kupe bluu walikuwa wanapitishwa humo na kutoka wazima. Ikaja DDT, ikaja toksafeni, zikaja dawa za fosfeti, ikaja amitrazi miaka ya 1970, zikaja hizi pairethroidi. Kila moja ilipokelewa kwa vigelegele. Na mjue kitu kimoja cha kuudhi: DDT na pairethroidi zinagonga sehemu moja ya neva, kwa hiyo kupe aliyezaliwa na ile tofauti anaweza kuivumilia dawa ambayo hata babu yake hakuwahi kuionja. Huyo utasema kaizoea lini?

Halafu ndama. Hakuuawa na huyu wa kijivu. Ndigana kali huletwa na kupe wa sikio, yule wa kahawia anayejazana ndani ya sikio. Tabia yake ni nyingine: anapanda mnyama mara tatu maishani, kila akishiba anadondoka, anajivua gamba kwenye nyasi, anatafuta mnyama mwingine. Wakati wowote ule wengi wao wako porini au kwenye sungura na wanyama wengine, bomba lako haliwafikii. Hao wasiopulizwa ndio wanaoendelea kuzaa walio laini, ndiyo maana kwake usugu kwa kawaida huja polepole kuliko kwa kupe bluu, ambaye maisha yote anakaa juu ya ng'ombe akingoja dawa yako. Kwa hiyo huko kwenu inawezekana mna mambo mawili yanayoonekana kama moja: kupe bluu wamekuwa sugu, na kupe wa sikio hamumpulizii.

Niambie mawili. Chupa zimeandikwa nini, yale maandishi madogo ya kiambato, si jina kubwa la mbele. Na sikio mnalipuliza ndani au nje?

Mtu wa Muheza

Shikamoo mzee. Nimemsomea baba mdogo kwa sauti, kakaa kimya muda, kisha akaja na lake: hata sugu ya mkono ukiliacha jembe inalainika. Kwa hiyo tukiiacha hiyo dawa, kupe watarudi kuwa laini, na yeye atakuwa alikuwa sahihi. Ameniambia nilete hilo hapa lijibiwe.

Sikio tunapuliza nje tu, ng'ombe wanarusha kichwa. Chupa zipo stoo, nitaziangalia kesho kukipambazuka.

Nesi wa Zahanati

Baba mdogo ameuliza jambo zito kuliko anavyodhani, na jibu lake lilipatikana Malawi.

Waliokuwepo wanaikumbuka klorokwini, ile ya kuwasha mwili mzima mpaka mtu anajikuna na kitana. Ilikuwa dawa ya malaria ya kila nyumba. Vimelea visivyoisikia viligunduliwa kwanza Asia ya Kusini Mashariki na Amerika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, huku kwetu Afrika Mashariki vikaonekana mwishoni mwa miaka ya 1970. Tanzania tuliiacha mwaka 2001 tukaenda kwenye SP, dawa nyingine ya malaria, na mwaka 2006 tukahamia dawa mseto. Malawi walitangulia, waliiacha mwaka 1993 nchi nzima. Basi mwaka 2005 watafiti walijaribu tena klorokwini kwa watoto wa Blantyre: ikaponya asilimia 99. SP, iliyokuwa inatumika wakati huo, asilimia 21.

Najua baba mdogo anasema "si niliwaambia". Subiri kwanza baba. Vimelea vilipopimwa vinasaba ilionekana havikuwa vile sugu vilivyolainika. Vilikuwa uzao wa vile vya kawaida, ambavyo miaka yote ya klorokwini vilibaki vichache sehemu sehemu bila kuisha kabisa. Yale mabadiliko yanayokiokoa kimelea na klorokwini yana gharama: pasipo dawa, chenye nayo hakistawi vizuri kama kisicho nayo. Dawa ilipoondoka, faida ikaisha ikabaki gharama, vile vya kawaida vikavizidi vile sugu kwa idadi. Hesabu ni ile ile ya bwana mifugo, ila imegeuzwa upande. Hakuna kimelea kilichosahau.

Na angalia masharti yake. Ilibidi nchi nzima iache, na ikachukua zaidi ya miaka kumi. Mtu mmoja kuacha kwa mwezi hakufanyi chochote.

Kwa kuwa tupo kwenye neno, niseme linalonichosha dirishani. Mtu anakuja: "Sista, hiyo amoksilini usinipe, mwili wangu umeshaizoea, nipe kali." Au amekwisha kunywa rangi mbili kutoka duka la mtaani, vidonge viwili asubuhi viwili jioni, akaona nafuu akaacha. Mwili wako haujazoea chochote. Ukiwa na usugu, usugu uko kwa bakteria, na bakteria hao unaweza kumwambukiza mwanao ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja. Ndiyo maana Wizara wanaandika "usugu wa vimelea dhidi ya dawa", UVIDA kwa kifupi. Jina refu, linachosha, ila angalau limeandika mwenye usugu ni nani. Ukisema "mimi ni sugu wa amoksilini" mtoto wako anaonekana yuko salama, na hayuko.

Hata dawa mseto hatuna uhakika nayo milele. Vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini vimesharipotiwa Rwanda, Uganda, na kwetu Kagera. Haimaanishi dawa imeshindwa, mseto bado unaponya. Lakini wale wachache wa kwanza wameshaonekana.

Mwalimu wa Baiolojia, Mwanza

Nimeifurahia hii. Nikiingia darasani nikatamka "mageuzi", yaani viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi, vijana wanawaza siasa, na sisi tuliokuwa wakubwa miaka ya tisini tunawaza chama cha NCCR-Mageuzi. Nikisema uteuzi asilia, yaani hii hii ya waliobaki ndio wanaozaa, wanaandika kwenye daftari bila kuuliza. Kumbe ningeanza na kupe.

Kwa baba mdogo na nyani wake: hakuna anayekulazimisha kuanza na nyani. Nenda Gorongosa, Msumbiji, hapo jirani tu. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilidumu toka 1977 hadi 1992, tembo wakauawa kwa ajili ya pembe, walipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Kabla ya vita, majike yasiyo na pembe yalikuwa asilimia 18 na nusu hivi. Baada ya vita, karibu asilimia 51. Utafiti ulichapishwa mwaka 2021. Hakuna tembo aliyeamua kuacha kuota pembe ili asipigwe risasi. Walikuwepo toka zamani wasio na pembe, bunduki ikawaruka, wakazaa. Mtu wa dini anaweza kukubali hilo na kwenda ibadani Ijumaa au Jumapili bila tatizo, kwa sababu ni habari ya mabinti wa tembo waliobaki tu.

Swali langu kwa mzee mstaafu: hao kupe bluu wakishakuwa sugu wa pairethroidi, nao watarudi kama malaria ya Blantyre, au ndiyo imetoka?

Chaka la Chalinze

Mi bado nasema feki.

Bwana Mifugo Mstaafu

Mwalimu, kwa kupe usijipe moyo. Usugu wa pairethroidi ukishaenea hukaa sana hata dawa ikiwekwa pembeni, maana ile tofauti ya neva inaelekea haimgharimu kupe kiasi kile. Kila mdudu na hesabu yake. Nesi kasema vizuri kuhusu gharama. Gharama ikiwa ndogo, hakuna wa kuwasukuma nyuma.

Sasa Muheza, tufanye kazi.

Usikate shauri kwanza, thibitisha. Afisa mifugo wako wa kata aulize maabara ya veterinari, TVLA, kama wanaweza kupima. Kipimo chenyewe si cha ajabu: majike walioshiba wanakusanywa, wanataga kwenye chupa, mayai yakianguliwa wale wadogo wanafungiwa ndani ya karatasi iliyopakwa dawa, baada ya saa ishirini na nne wanahesabiwa waliokufa na wanaotembea. Ukipeleka kupe, wachukue kutoka kwa ng'ombe zaidi ya mmoja, na wawe wazima, usiwang'oe vichwa.

Wakati unangoja, badilisha kundi la dawa. Nimesema kundi, sijasema jina. Amitrazi inamgonga kupe mahali pengine kabisa, kwa hiyo wale waliobakizwa na sipamethrini hawana kinga ya kuzaliwa dhidi yake kwa sababu tu ya ile tofauti yao. Ila usifanye mchezo wa wiki hii hii, wiki ijayo ile, wala usizichanganye kwenye bomba moja. Kuna watu wanamwagia na dawa ya nyanya humo humo, nimeyaona, ni sumu kwa ng'ombe, kwako na kwa mwenye kunywa maziwa. Shika kundi moja kwa kipindi kirefu kama atakavyokuelekeza daktari wa mifugo, kwa kipimo cha lebo, si juu si chini. Kipimo pungufu kinabakiza wa kati, nao wakipandana wao kwa wao ndio mwanzo wa safari. Kama kuna kijana anapuliza, mpe kikombe chenye mistari ya mililita. Kofia ya chupa si kipimo, kofia hazilingani.

Maji. Ng'ombe mzima wa maziwa anatakiwa alowe mpaka dawa inachuruzika tumboni. Mkigawana bomba moja ng'ombe wengi ili dawa isiishe, mgongo unalowa, shingo chini, mapajani na chini ya mkia panabaki pakavu, na huko ndiko kupe walipo. Hao wanabaki si kwa neva, ni kwa ubahili.

Sikio: usipulize kwa bomba kama anarusha kichwa. Kuna dawa za kupaka zinazouzwa kwa ajili hiyo, unapaka ndani ya sikio kwa mkono wenye glavu, mnyama akiwa amefungwa. Kazi ya dakika chache kwa kila mmoja. Ungemfanyia hivyo ndama yule mapema, pengine angekuwepo.

Ng'ombe wako wako bandani, kwa hiyo kupe wanafikaje? Majani. Mnakata kando ya njia anakopita ng'ombe wa baba mdogo, kupe wadogo wamekaa kwenye ncha za nyasi wanangoja, mnawabeba na mzigo mpaka horini. Kateni mbali, na majani yakae juani kwanza. Na mkinunua ng'ombe mnadani, huenda mmenunua na kupe wenye historia ya dawa ya mtu mwingine. Mwogesheni kwa kundi tofauti, akae peke yake kwanza.

La mwisho, na kwangu ndilo kubwa: chanjo ya ndigana kali. Ipo, ilitengenezwa Muguga, Kenya, na wafugaji wa Kimaasai kaskazini wameitumia kwa wingi. Ndama anachanjwa huku akichomwa sindano ya antibiotiki inayokaa mwilini muda mrefu siku hiyo hiyo, anawekwa hereni. Haikingi ndigana baridi wala magonjwa mengine ya kupe, kwa hiyo kuogesha kupo pale pale. Lakini aliyechanjwa hahitaji kupulizwa kwa hofu kila wiki, na kila mnapopunguza kupuliza mnawapunguzia wale sugu upendeleo mnaowapa bila kujua.

Na yote hayo mfanye pamoja na baba mdogo. Wewe ukibadilisha dawa na yeye akaendelea na kofia yake ya ziada, kupe ni wale wale, ukuta hauwazuii. Akitaka kuendelea kusema wamezoea, mwache aseme, nimeishi na wafugaji miaka mingi bila kuwasahihisha maneno. Kipimo tu ndicho akirudishe kwenye lebo.

Mtu wa Muheza

Nimeingia stoo na tochi. Zipo chupa za majina mawili. Ile ya zamani ni sipamethrini, kama nilivyosema. Nyingine muuzaji alinishawishi mwezi huu kwamba ni "mpya, kali, tofauti kabisa", na ni ghali zaidi. Maandishi madogo yanasema alfa-sipamethrini. Hii bado ina kizibo chake, sijaigusa. Baba mdogo yuko hapa, ameomba nimuulizie kama hiyo ni kundi jingine.

Bwana Mifugo Mstaafu

Ni kundi lile lile. Kama risiti unayo, irudishe leo kabla hawajafunga, chukua yenye amitrazi. Msalimie baba mdogo.